Uchambuzi wa kisa: Subaru ya dragi iliyotyuniwa Nairobi ikaenda kukimbia pwani

Usuli

Hiki ni kisa cha Subaru Impreza ya zamani, bodi ya GC8, imefungwa injini ya EJ207, inakimbia robo maili, yaani mita 402. Majina nimeyatoa, kiwanja sikitaji, na hata rangi ya gari tuiache maana Nairobi hii watu wanajuana kwa rangi ya bampa. Waliohusika ni watatu: mwenye gari ambaye ndiye dereva, fundi aliyeifunga injini, na tyuna, kijana wa laptopu anayepanga mafuta na moto wa injini. Mimi niliingia upande wa kusoma logi, kwa hivyo ninayoandika yametoka kwenye faili za ECU, yaani kompyuta ya injini, na kwenye midomo ya hao watatu, ambao mpaka leo hawajakubaliana kuhusu baadhi ya mambo.

Gari ilikuwa imeshakimbia huku juu kwa petroli ya kawaida ya pampu, busti (presha inayosukumwa na tabo) ya bar 1.2, ikapata sekunde 12.4 na spidi ya kama kilomita 177 kwa saa pale mwisho. Kila wakipandisha busti kufika 1.4 injini inaanza kugonga, ECU inarudisha nyuma taiming, yaani wakati wa plagi kuwasha, nguvu inapotea, na fundi anaanza kulalamika kuhusu pistoni zake. Halafu ukaja mwaliko wa mbio ukanda wa pwani, kwenye kiwanja kidogo cha ndege, wiki kama nane mbele. Mwenye gari akataka 11 na kitu. Sheria za daraja lake zilikuwa zinaruhusu mafuta yoyote isipokuwa nitro. Basi swali likawa moja, tuweke nini kwenye tanki?

Nieleze kidogo kugonga ni nini kwa ambao hawajafungua injini. Plagi ikishawasha, moto unatakiwa utembee kwa mpangilio kutoka kwenye plagi mpaka ukutani mwa silinda. Presha na joto zikizidi, ile hewa na petroli iliyobaki pembeni haiungoji moto uifikie, inalipuka yenyewe kwa mpigo. Hapo ndipo pistoni inapokatika vijukwaa vya ringi. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia hiyo presha bila kujilipukia. Haina maana nyingine. Oktani sio nguvu, na mafuta ya oktani 117 kwenye injini isiyogonga hayakupi hata farasi mmoja wa ziada kwa sababu ya hiyo oktani, yanakupa nafasi tu ya kupandisha busti na taiming kama tabo na pampu yako zina hiyo nafasi pia.

Gari yenyewe na namba zake

Injini lita 2.0, kompresheni ya kiwandani 8.0 kwa 1, pistoni na koneksheni rodi za kufuliwa, tabo kubwa kuliko ya kiwandani, intakula ya mbele. Injekta nne za 1000 cc kwa dakika. Pampu ya petroli moja ya ndani ya tanki, ile inayoandikwa lita 255 kwa saa, ambayo watu husahau kwamba hiyo 255 ni kwa presha ndogo, ukiisukuma mpaka bar 4.5 inatoa pungufu sana. ECU ya kununua, ina sehemu ya kuweka mapu mbili (majedwali ya mafuta na taiming), na ina sensa ya presha ya mafuta kwenye reli. Hiyo sensa ya mwisho mwenye gari aliona ni gharama ya bure, fundi akamng'ang'ania.

Lengo lilikuwa kama farasi 450 kwenye krenki. Tyuna akapiga hesabu ya mezani ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga. Injini ya tabo ikisukumwa hivyo kwa petroli inakunywa karibu lita 2.7 kwa dakika, ukigawa kwa nne ni kama 680 cc kila injekta, yaani injekta inafunguka asilimia 68 ya muda. Salama kabisa, watu wengi huweka mpaka wao kwenye 85. Shikilia hizi namba maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Presha ya hewa huku ni kama 83 kPa, kule pwani ni 101. Hii namba ilikuwa inajulikana na wote watatu. Kujua kitu na kukitia kwenye hesabu ni mambo mawili.

Machaguo yaliyokuwa mezani

La kwanza lilikuwa kubaki na petroli ya pampu na kumwaga chupa za kuongeza oktani. Waliichukulia petroli kuwa RON 93 (RON ni oktani inayopimwa injini ikiwa kwenye hali nyepesi), bila kujipa matumaini zaidi. Chupa zilijaribiwa kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, na tofauti ikawa ndogo sana, kugonga kulisogea kidogo tu. Hapa kuna mtego ambao umewala wengi: chupa ikiandikwa inaongeza "pointi 5", mara nyingi hiyo pointi ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hivyo umenunua nusu oktani. Halafu nyingi zina MMT, inaacha rangi ya kutu kwenye plagi, unashindwa hata kusoma plagi zako vizuri. Hili likatupwa siku hiyo hiyo.

La pili, tolweni. Kuna jamaa alimwambia mwenye gari achanganye thina ya rangi maana ndani yake kuna tolweni na tolweni ina RON inayokaribia 120. Ni kweli tolweni ni mafuta makali, injini ya Honda ya Formula 1 ya mwaka 1988 ilikuwa inakunywa asilimia 84 tolweni na 16 hepteni. Lakini ile ilitoka maabara, thina ya dukani ni mchanganyiko wa vitu ambavyo kopo halikuambii, kopo la leo na la kesho sio lazima yafanane. Fundi alikataa kabla sentensi haijaisha.

La tatu, kuagiza mafuta ya mbio yenyewe ya Marekani, mfano VP C16 ambayo MON yake, yaani oktani inayopimwa kwa hali ngumu zaidi, ni 117. Hayo ni mazuri na kila ndoo inafanana na mwenzake, hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko hata oktani. Shida ni kwamba yanasafirishwa kama mzigo wa hatari, karatasi nyingi, meli haijali tarehe yako ya mbio, na ndoo ya lita 19 ikifika bandarini imeshakuwa bei ambayo mwenye gari alicheka tu. Tena kwa kompresheni ya 8.0 na busti waliyokuwa wanaitaka, 117 ilikuwa zaidi ya mahitaji yao.

La nne, methanoli. Inapoza kuliko zote, joto inalolinyonya ikigeuka mvuke ni karibu mara tatu ya petroli kwa kilo, na injini za dragi zinaipenda. Ila inataka zaidi ya mara mbili ya ujazo wa petroli. Kwa farasi wale wale 450 kila injekta ingetakiwa itoe kama 1,450 cc, na wao wana za 1000. Imeishia hapo kwenye hesabu. Fundi akaongeza lake, kwamba methanoli inapita kwenye ngozi, moto wake mchana hauonekani, na hii ndiyo ile iliyoua watu Embu na Kitui Mei 2014 ikiwa ndani ya pombe, yeye hataki mtungi wake karakana ambayo vijana wanakunywa maji kwa chupa zozote. Mimi niko upande wake.

Zikabaki mbili za kweli: ethanoli na avgas.

Ethanoli Kenya si kitu cha ajabu, inatoka kwenye molasi za sukari huko magharibi, na wauzaji wa kemikali wanayo. Peke yake ina RON kama 108, inapoza hewa inayoingia, na ina tabia nzuri ya kusamehe, yaani hata mchanganyiko ukienda pembeni kidogo haikimbilii kugonga kama petroli. Ubaya wake, nguvu iliyomo kwa kilo ni kama asilimia 60 ya petroli, kwa hivyo lazima umwage zaidi. Tyuna alipiga hesabu ya E85, yaani asilimia 85 ethanoli: injekta zingefunguka asilimia 97. Hapana. Akashuka mpaka E60: asilimia 86 au 87. Akasema inakaa. Inakaa kweli, kwa Nairobi.

Avgas 100LL ni ile ya buluu ya ndege ndogo. MON yake ni angalau 99.6, wakati petroli ya pampu MON yake ni themanini na kitu, na kwa injini inayochemka na kuzungushwa sana MON ndiyo inayosema ukweli zaidi kuliko RON. Ina risasi, mpaka gramu 0.56 kwa lita. Kenya iliacha petroli yenye risasi barabarani mwaka 2006, kwa hivyo vijana wengi wa karakana hawajawahi kuishika, wanaoshea mikono kama zamani wazee walivyokuwa wanaoshea petroli, na hiyo ni hatari. Risasi pia inaua taratibu sensa ya lambda, ile ya kwenye ekzosi inayosoma mafuta na hewa vinalingana vipi. Lakini faida yake kubwa ni kwamba inapimwa kwa viwango vya ndege, pipa la leo ni sawa na la mwezi ujao, na inataka ujazo karibu sawa na petroli.

(Kuna aliyeuliza kwa nini wasitafute daraja la nitro. Kilo moja ya nitromethani inataka kama kilo 1.7 tu za hewa, petroli inataka 14.7, kwa hivyo zile gari za dragi za Top Fuel za NHRA huko Marekani zinakunywa kwa ndoo na sheria yao wenyewe imewawekea mwisho asilimia 90. Ni dunia nyingine, injini inafumuliwa kila baada ya mbio.)

Uamuzi wa kwanza: E60

Walichagua E60. Sababu waliyoisema ni kupoza hewa na kusamehe. Sababu ambayo hawakuisema ila ilikuwepo ni kwamba marafiki wa mwenye gari wote wanatumia ethanoli.

Ila walifanya mambo mawili ya maana. La kwanza, kila mtungi ulipimwa kwa haidromita ya spiriti kabla ya kuchanganywa. Mtungi wa kwanza ulisoma zaidi ya 99. Wa pili, ulionunuliwa kwa muuzaji mwingine kwa bei nafuu, ulisoma 96. Hiyo 4 iliyobaki ni maji, na ethanoli yenye maji ukiichanganya na petroli, hasa ikiwa ethanoli ni kidogo na usiku ni wa baridi, inaweza kujitenga, maji na ethanoli vinashuka chini ya tanki pale pale pampu inaponyonyea. Kwa E60 pengine isingejitenga. Lakini waliirudisha na nadhani walikuwa sawa, maana hata isipojitenga tayari una mchanganyiko ambao sio ule uliotyuniwa.

La pili, tyuna alitengeneza mapu mbili. Mapu ya kwanza ya E60. Mapu ya pili ya nusu avgas nusu petroli ya pampu, busti ndogo, taiming ya kiuoga, "ya dharura" alivyoiita. Mwenye gari alikasirika kulipia saa nyingine za daino kwa mapu ambayo hana nia ya kuitumia. Tyuna akamwambia, "Bosi, ukinilipa mapu moja naweka moja, lakini pwani siendi." Akalipwa.

Kwenye daino E60 ilikuwa tamu. Busti 1.6, taiming digrii nne zaidi ya petroli, hakuna kugonga, lambda 0.80 imenyooka mpaka mwisho, injekta 87. Hapo kulitokea ubishi wa gauge, ambao ni wa kawaida sana: mwenye gari aliona 11.8 kwenye kioo na akashika kichwa, anasema ethanoli inataka 9 na kitu, mbona inakauka, yaani mafuta ni kidogo. Gauge yake imesetiwa kwa skeli ya petroli, haijui umeweka nini. Sensa inapima lambda, halafu kioo kinazidisha kwa 14.7. 0.80 mara 14.7 ni 11.8 uwe na petroli, ethanoli au methanoli. Ukitumia mafuta ya kuchanganya achana na AFR (uwiano wa hewa kwa mafuta), weka kioo kisome lambda, moja ni sawasawa na chini ya moja ni mafuta mengi. Basi.

Kiwanjani

Gari ilisafirishwa kwa lori. Joto la mchana lilikuwa 33. Mbio ya kwanza, mwenye gari anasema ilivuta kuliko alivyowahi kuisikia, gia ya tatu ilipoisha akaona taa ya onyo aliyoiwekewa na tyuna, akaachia mguu. Muda ukawa mbaya, watu wakazomea kidogo. Kuachia mguu kule ndiko kulikookoa injini.

Logi ilionyesha hivi. Busti 1.6 kama ilivyosetiwa. Lakini 1.6 ya gauge ni juu ya hewa ya nje. Nairobi ni 0.83 jumlisha 1.6, inakuwa bar 2.43 kamili. Pwani ni 1.01 jumlisha 1.6, inakuwa 2.61. Hewa inayoingia silindani imepanda asilimia 7 hivi kabla hujagusa kitu chochote, joto la pwani likapunguza kidogo, na tabo yenyewe ilifanya kazi rahisi zaidi kuliko Nairobi maana haikuhitaji kukandamiza hewa mara nyingi vile. Hilo la kwanza.

Pili, mapu ya tyuna ilikuwa inaishia 2.5. Daino haikuwahi kupita 2.43 kwa hivyo hakuna aliyeona haja. Zaidi ya 2.5 ECU inashikilia namba ya mwisho, hewa inaendelea kupanda na mafuta hayapandi.

Tatu, presha ya reli. Ilitakiwa iwe 4.6 na ikashuka mpaka 4.2 mwisho wa gia ya tatu. Hapa ile sensa ya "gharama ya bure" ikajilipa. Injekta inafunguka muda ule ule lakini kinachotoka ni pungufu ya asilimia 7.

Ukijumlisha hayo matatu lambda ilitoka 0.80 ikafika 0.88. Plagi zikafunguliwa pale pale, kauri nyeupe kiasi, hakuna vidoa vya aluminiamu vya pistoni inayoyeyuka. Logi ya kugonga safi.

Sasa ikaja nusu saa ya kuamua na mashabiki wamezunguka boneti kila mtu ana ushauri. Kulikuwa na njia tatu. Kushusha busti na kubaki na E60, lakini presha inashuka kwa sababu wasiyoijua, na kushusha busti ni kujificha tu. Kupunguza ethanoli mpaka E40 kwa kuongeza petroli ya hapo, lakini E40 hawajaityuni, wangekuwa wanabahatisha kiwanjani. Au mapu ya pili. Mwenye gari alitaka ya kwanza, akitoa hoja kwamba E60 ndiyo yenye nguvu. Fundi alimjibu kwamba mafuta yenye nguvu ni yale yanayofika kwenye injekta. Wakanyamaza dakika nzima, halafu tanki likamwagwa, likasuuzwa, ikaingia nusu avgas nusu pampu, plagi za baridi zaidi, sensa mpya ya lambda kwenye boksi tayari.

Busti waliishusha 1.3. Angalia, 1.3 ya pwani ni 2.31 kamili, karibu sawa na 1.5 ya Nairobi, na tyuna alikuwa ameshaisogeza mapu hii mpaka 2.4 kwenye daino. Safari hii alisoma bar kamili, sio gauge.

Matokeo

Mbio zilizofuata zilikuwa 11.8, halafu 11.7, halafu 11.7 tena, spidi ya mwisho kama 190. Presha ya reli haikutikisika, injekta zilikuwa 63 hivi, lambda 0.78 kama mapu ilivyotaka. Lengo la 11 na kitu likapatikana kwa mafuta ambayo hakuna aliyeyataka. Siku ya pili sensa ya lambda ilianza kusoma kwa kuchelewa, risasi inafanya kazi yake, wakaibadilisha.

Gari iliporudi, fundi alifungua chujio la petroli. Lilikuwa limejaa uchafu wa kahawia. Tanki ni la zamani, miaka ya petroli imeacha gundi ukutani, ethanoli ikaja ikaiyeyusha yote na kuileta kwenye chujio. Siku ya daino chujio lilikuwa bado linapumua, kufikia pwani limeziba nusu. Mipira ya petroli walikuwa wameibadilisha kwa sababu ya ethanoli, tanki wakasahau. Tangi, chujio na pampu ni mfumo mmoja na ukibadilisha mafuta umeuosha mfumo mzima utake usitake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ethanoli ndiyo iliyookoa ile mbio ya kwanza, na hili watu wanalisahau wakiisimulia kama hadithi ya ethanoli kushindwa. Lambda 0.88 kwa busti ile kwa petroli ya pampu ingekuwa pistoni. Kwa ile nusu avgas pia nisingeiamini. Ule upozaji na usamehevu waliouchagulia E60 ulikuwepo na ulifanya kazi yake. Chaguo la mafuta kwa tabia zake lilikuwa sahihi kabisa, lilikosea kwa ujazo.

Mapu ya pili. Sioni kingine katika kisa hiki chenye thamani kama hicho. Sio kwa sababu avgas ni bora, ila kwa sababu ilikuwa imetyuniwa kabla, kwa utulivu, na mafuta yake ambayo hayabadiliki yalikuwa kwenye lori. Ukienda na mafuta ya aina moja na mapu moja, ukiharibikiwa chaguo lako ni kubahatisha au kurudi nyumbani, na dereva aliyesafiri usiku kucha harudi nyumbani.

Haidromita. Kifaa cha bei ndogo, kilizuia mtungi mmoja. Kwa mchanganyiko ulioko tayari kuna kipimo rahisi zaidi, unaweka maji kidogo yaliyopimwa kwenye bomba la kioo lenye mistari, unaongeza mafuta, unatikisa, unaacha. Ethanoli inahamia kwenye maji, mstari unapanda, unasoma umepanda kiasi gani. Inafaa ifanywe kila unapojaza, sio mara moja kwa msimu.

Sensa ya presha nimeshaisema. Bila hiyo wangelaumu tyuna peke yake na chujio lingebaki pale pale.

Uchambuzi: kilichofeli

Hesabu ya injekta ilipigwa kwa hewa ya Nairobi wakati mbio ni za pwani. Asilimia 87 ilionekana inakaa, ukiongeza 6 au 7 ya hewa ya bahari inafika 93, na hapo hujaongeza voltiji ya betri inayoshuka gari ikitoka mstarini, hujaongeza chujio. Hesabu ilitakiwa ianze kwa 2.61, na ingeanza hapo E60 ingekataliwa mezani, wangeishia kwenye E40 au wangenunua injekta kubwa na pampu ya pili kwanza. Wanaotoka Nairobi, Nakuru au Eldoret kwenda pwani au Dar wote wana hili tatizo, na wanaopanda kutoka pwani wanalo kwa upande wa pili, wanakuja huku wanaona gari imelegea, wanaongeza busti, wanarudi nyumbani nayo hivyo hivyo.

Mapu kuishia 2.5 ni uzembe mdogo wa kawaida. Nguzo za juu zinajazwa hata kama daino haifiki, kwa kukadiria na kuweka mafuta ya ziada, halafu unaweka ukomo wa ECU kukata busti ikipita hapo. Tyuna alikuwa ameweka taa. Taa inamtegemea dereva aiangalie, na huyu aliiangalia kwa bahati.

Kuhusu muda wenyewe nina neno, maana watu waliondoka kiwanjani wakisema avgas ndiyo dawa, na wiki ile watu kadhaa walikuwa wanaitafuta. Kutoka 12.4 mpaka 11.7 kuna vitu vingi ndani yake. Kuna hewa nzito ya pwani, kuna tabo isiyohangaika, kuna busti kamili iliyopanda kutoka kama 2.03 mpaka 2.31. Oktani ya avgas iliruhusu hiyo busti bila kugonga, ndiyo kazi yake iliishia hapo. Mtu wa injini isiyo na tabo, kompresheni ya kawaida, petroli yake haigongi, akiweka avgas anapata plagi za kijivu na sensa iliyokufa.

Na avgas ina mipaka yake. Upatikanaji wake una masharti, sio ya kuweka kwenye gari la kwendea kazini, katalisti haiwezi kuishi nayo, na mikono inaoshwa kwa sabuni na maji. Gari hii haina katalisti na haitembei barabarani, ndiyo maana mazungumzo yalikuwepo.

Gari iko wapi sasa

Mwenye gari hakuiacha ethanoli. Tanki limebadilishwa, chujio sasa ni la chuma linalofunguka na kuoshwa, kuna pampu mbili na injekta za 1300. Kwa hizo E85 inakaa asilimia 75 kwa zile farasi 450 za mwanzo, na tyuna anakataa kuzidisha mpaka hesabu ipigwe kwa 101 kPa. Mapu ya avgas bado iko nafasi ya pili kwenye ECU, na kabla ya kila mbio mafuta yake yanapakiwa kwenye lori kwanza. Wanabishana sasa kuhusu sensa ya kupima asilimia ya ethanoli ili ECU ijirekebishe yenyewe. Mwenye gari anasema ni gharama ya bure.